Siku Mama Nsimire Alipovaa Suruali

Jumatatu iliyopita nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Mbarara, nashona pindo la sketi ya shule, simu ikaita kwa namba ndefu ya ng'ambo. Nilijua ni yaya Nsimire, dada mkubwa kwangu, kabla hajasema neno, kwa sababu watu wa ng'ambo hunyamaza kwanza kama wanaosubiri mtu afungue mlango. "Noella," akasema, "Mama ametuacha. Jana asubuhi." Tulilia, yeye kule, mimi huku, na mteja wangu akatoka nje kwa adabu akajifanya anaangalia boda zinavyopita. Halafu Nsimire akasema lile neno ambalo nimeliogopa miaka yote hii: "Alisema tumuzike na kile kitenge. Alisema kiko kwako." Nikajibu, kiko. Baada ya simu nilirudi kwenye sketi nikashona kwa bidii ya ajabu, na nilipomaliza nikaona pindo lote limegeukia nje. Nikaanza kulifumua. Mwenye sketi alirudi akaniambia, pole dada, nikasema asante, na ndani yangu nikasema, laiti ungejua ni pole ya nini.

Mwaka 2009 niliishi na mama yake, Mama Nsimire, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Wakongomani, katika chumba kimoja cha udongo chenye paa la shitingi, turubai la plastiki. Jinsi nilivyofika kwake ni habari ya siku nyingine. Itoshe kusema nilikuwa sina mtu, na yeye alikuwa na nafasi nyuma ya pazia. Pazia lenyewe lilikuwa shuka la maua lililotundikwa kwa misumari miwili. Upande wake kulikuwa na kitanda cha miti, Biblia, na sanduku la bati la buluu. Upande wangu kulikuwa na mkeka na viatu vyangu. Jiko tulikuwa nalo nje, mawe matatu, na pale nilikula bugali la mihogo la mikono yake, mchicha wa lenga-lenga, na samaki wa ziwani alipobahatika kuwapata, na kila mara kichwa cha samaki alinipa mimi, kwa sababu alisema kichwa ni cha mtoto anayesoma. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa sisomi chochote. Kile kichwa nilikila bila kumpinga, hadi macho.

Ndani ya lile sanduku la bati, chini ya majani ya mkaratusi ya kufukuza wadudu, kulikuwa na kitenge. Mimi ni fundi, vitambaa vimepita mikononi mwangu hadi nimechoka navyo, lakini kile sijapata kuona kingine. Kilikuwa buluu ya usiku, kimejaa miavuli ya njano iliyofunguliwa, na rangi ilikuwa imeingia pande zote mbili kiasi cha kutojua ipi ni ya ndani. Mumewe alikinunua Bukavu, pisi nzima ya yadi sita, siku Nsimire alipozaliwa. Vita vilipowatoa nyumbani mwaka 1996, wakafika kwenye njia panda ambapo kundi moja lilikuwa linaelekea Burundi na jingine linabaki kusubiri wazee, Mama alikichana katikati kwa meno na mikono. Yadi tatu akamfunga nazo binti yake kiunoni, yadi tatu akabaki nazo. Hawakuonana tena. Nsimire alipitia kambi moja na nyingine hadi akapelekwa nchi ya baridi, akaolewa huko, akazaa watoto watatu. Mama alinisimulia hayo akiwa amekikunjua kitenge mapajani, anapitisha kiganja juu yake polepole, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa napima kwa macho: yadi tatu zinatosha gauni la mikono mipana, na kitabaki kipande cha kilemba.

Mwaka ule nilipata kazi kwenye darasa la wasafiri. Wale waliokubaliwa kwenda kuishi nchi za mbali walikusanywa siku chache kabla ya safari, wakafundishwa maisha ya huko na namna ya kupanda ndege. Mwalimu alikuwa kijana wa Kiganda, mpole, Kiswahili chake cha sokoni tu, kwa hiyo yeye alisema Kiingereza na mimi nikawageuzia wenzangu kwa Kiswahili. Somo walilolipenda kuliko yote lilikuwa la mavazi, na mimi pia nililipenda. Mwalimu alisema: vaeni nguo isiyobana, kwa kuwa mtakaa saa nyingi. Viatu viwe vya kuvuliwa upesi, maana miguu huvimba. Mkanda utavuliwa. Sweta liwe karibu, mle ndani kuna baridi. Msivae nguo zote kwa pamoja ili kupunguza uzito wa begi, mtaungua kwa joto kabla hamjafika. Mama mmoja akauliza, na kitenge je, sisi tunakifunga kwa pini? Mwalimu akacheka, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Kitenge iko muzuri sana, mama. Kwa mashine ya kukagua watu unatoa pini, unaweka kwa kasahani, unapita, unafunga tena. Basi." Nililirudia jibu hilo mara nyingi sana mwaka ule, darasa baada ya darasa. Nililijua kama jina langu. Nasema hivi ili mtu yeyote asije akafikiri nilikosea.

Faili la Mama Nsimire, la kumhamishia nchi ya binti yake, liliitwa mwezi wa tatu. Nilikuwa nimemwomba kabla, si mara moja, aniandike kwenye fomu yake kama binti. Wengi walifanya hivyo, watoto wa majirani waligeuka wapwa, wapwa wakageuka wana, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Mama alikuwa mlokole wa wale wa zamani, wa kanisa la kwao Walungu, kule Kongo, ambao hata chai ya mtu hawawezi kuisifu kama haikuwa tamu. Alinisikiliza huku anachambua maharage, akaweka ungo chini. "Noella," akasema, "weye ni mutoto wangu kwa roho. Lakini ile karatasi inauliza mutoto wa tumbo. Nikisema uongo pale, nitaomba na kinywa gani?" Nikasema, "Lakini Mama, mimi nitabaki na nani?" Akasema Mungu atanifungulia njia yangu, na kwamba akifika atasema juu yangu kwa wakubwa wa huko. Akachukua ungo wake tena. Aliniumiza, na alijua ameniumiza, maana jioni hiyo alinipa samaki mzima. Leo naelewa kwamba kunikatalia kulimgharimu zaidi ya kulivyonigharimu mimi. Wakati ule sikuelewa wala sikutaka. Nilimkasirikia kwa kimya, nikaendelea kumchotea maji na kumwitikia "ndiyo Mama", na hasira ikakaa ndani yangu ikila na kulala kama mpangaji.

Siku moja mchana Nsimire alipiga kwenye simu yangu, maana Mama hakuwa na yake, na nikaifungulia sauti ili sote tusikie. "Mama," sauti ikasema, "siku utafika, uvae ile kitenge. Miye nilishona yangu, nikakatia na batoto. Tutasimama fasi moja, miye na batoto batatu, bote na miavuli. Batoto hawakujue sura yako, lakini kitenge banaijua. Nimebaambia, mukiona bibi mwenye miavuli, mukimbie." Mama alicheka hadi akashika ubavu. Akasema, "Nitavaa! Na kilemba juu!" Alicheka siku nzima. Alitoa kitenge akakianika kivulini ili harufu ya mkaratusi itoke, na jirani zetu wakaja kukitazama kama wanaotazama bibi harusi. Kwa hiyo nilijua. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, simu iko mkononi mwangu, nilisikia kila neno.

Siku ya tatu baada ya simu hiyo Mama alinikuta nje naosha masufuria. Yeye darasa lake lilikuwa bado wiki nzima, na wasiwasi ulimjaa. "Noella, weye unaingiaka mu ile darasa kila siku. Uniambie kweli. Mu ndege banavalaka nini?" Ningeweza kumjibu kwa pumzi moja. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Mama, kitenge hakiruhusiwi." Akaniangalia. "Namna gani?" Nikamweleza habari za pini na mashine, zote za kweli, ila mwisho nikaubadilisha: mashine inalia, askari wanakutoa kwenye mstari, ndege inaondoka. "Sasa banataka nini?" Nikasema, suruali na sweta. "Suruali? Miye?" Alikuwa hajapata kuvaa suruali tangu azaliwe. Katika kanisa lake mwanamke wa suruali hakuruhusiwa kushika hata ufagio wa madhabahu. "Hata kwa bibi muzima kama miye?" Nikasema, "Hata wewe, Mama. Ni sheria." Akauliza basi akiweke kwenye begi. Nikasema mabegi yanapotea njiani, kitu cha thamani kisiwekwe humo. Mkononi je? Nikasema mkononi ni ule mfuko mweupe tu, wanaopewa wasafiri kuwekea karatasi zao. Sikuwa nimepanga hata moja. Yalikuja yenyewe, moja likivuta jingine, na kila moja lilikuwa na sauti ya darasani.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea, na ambalo lingepaswa kunipigisha magoti pale pale kwenye majivu. "Basi kitenge nitakuachia weye. Siku yako ikifika sheria itakuwa imebadilika, utakuja nayo kwangu. Umwambie yaya wako kama nitakuja na suruali, asishituke." Nikasema nitamwambia. Lakini Nsimire alikuwa ameshawahi kupanda ndege, alijua mambo yake, na angenicheka: nani amewadanganya? Sikumpigia. Jioni Mama akaniuliza kama nimempata, nikasema nimempata, amesema sawa. Nilikitaka kitenge, hilo ni kweli. Nilitaka pia auonje ule uchungu wa kuambiwa kwamba karatasi haikutaki ulivyo. Yote mawili yalikuwamo, na hadi leo nashindwa kusema lipi lilitangulia.

Darasani kwake nilifanya hila ya mwisho. Nilimwambia mwalimu naumwa tumbo siku ile, na msaidizi mwingine, Mrundi mmoja aliyependa kufupisha mambo, akageuza badala yangu. Nilisali kwamba mtu asiulize habari za vitenge, na kweli hakuna aliyeuliza. Hebu fikiria, nilimwomba Mungu anisaidie katika uongo, na nikaona kama amenijibu.

Suala la suruali likaenda kanisani. Mama hangeweza kuvaa bila ruhusa. Wazee walikaa Jumamosi asubuhi, pamoja na mzee mmoja mkali aliyekuja kwa baiskeli kutoka kambi ya jirani ya Oruchinga, naye alisifika kwa kuwatoa watu ibadani kwa ajili ya nywele. Mimi niliitwa kama shahidi wa sheria za ndege. Nilisimama mbele yao na daftari langu la darasa kifuani. Mzee wa Oruchinga akasema, "Andiko linasema mwanamuke asivae vazi la mwanaume." Mchungaji wetu, mtu wa busara na tumbo kubwa, akasema, "Lakini yeye atavaa hewani. Andiko ilisema juu ya dunia." Mwingine akauliza, na akishuka je? Wakabishana hadi chai ikapoa. Mwishowe mchungaji akanigeukia. "Dada Noella, ni kweli hii ni sheria, si tamaa ya mutu?" Nikasema ni sheria. Wakaamua kwamba suruali ya ndege ni kama nguo ya wagonjwa hospitalini, mtu huvaa kwa kulazimika, na wakamwekea Mama mikono wakamwombea ili suruali isimtenge na Bwana. Alipiga magoti akalia. Watu walisema baadaye yalikuwa maombi mazuri. Nami nilisema amina kwa sauti, kwa sababu kila mtu alisema.

Tulikuja Mbarara kuitafuta. Naikumbuka siku hiyo kuliko nyingi za maisha yangu, kwa kuwa tulifurahi, na sikuwa na haki ya kufurahi. Sokoni, kwenye marundo ya mivumba, nguo za mitumba, kijana Mnyankole alimpimia Mama suruali mbele ya watu. "Mama, hii iko saizi yako kabisa. Ya wazungu hii. Jaribu tu, hakuna mutu anaangalia." Watu wote walikuwa wanaangalia. Mama aliivaa chini ya sketi, akaishusha sketi taratibu, akabaki amesimama miguu imeachana kama mtu anayevuka mto. Ilikuwa ya kijivu, ya mwanamume, na mfuko wa nyuma ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mweusi. "Noella, niko namna gani?" Nikasema, "Uko vizuri, Mama." Akasema, "Nasikia upepo mahali haujafikaka." Tulicheka sote, hata muuzaji. Halafu tukaingia kwenye kihoteli, tukala matoke na mchuzi wa karanga na nyama, na alisogeza vipande vyake vya nyama kimoja kimoja hadi kwenye sahani yangu. Akasema nimemsaidia sana mwaka huu, kwamba bila mimi angeaibika mbele ya watu wa ndege. Kile kihoteli bado kipo, mtaa mmoja nyuma ya duka langu. Sijaingia tena.

Siku ya safari basi lilisimama Base Camp, penye ofisi kuu za kambi, tangu alfajiri, na kulipopambazuka watu walikuwa wamejaa, waendao na wasindikizaji, mabegi yanapimwa, majina yanaitwa. Sisi tulichelewa kwa sababu Mama alirudi mara mbili kufunga mlango ambao haukuwa wake tena. Tulipofika niliona kile ambacho nilijua nitakiona. Wanawake wote walikuwa wamevaa vitenge. Vyekundu, vya kijani, vya dhahabu, mabega yamesimama, vilemba virefu, mama na mabinti wa nguo moja, vitoto vya mgongoni vimefungwa kwa kitambaa kile kile. Walikuwa wamependeza kama kwaya. Na katikati yao akaingia Mama Nsimire na suruali ya kijivu, sweta la kahawia, mfuko mweupe wa karatasi kifuani, kichwa wazi. Mama mmoja wa kanisa letu akamuuliza kwa mshangao, "Mama Nsimire, na kitenge chako kile?" Mama aliwatazama wanawake mmoja mmoja, pini zao zinameta begani, hakuna askari aliyewagusa. Kisha akageuka akanitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Ningeshukuru kama ingekuwa hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama maharage kwenye ungo, anatafuta jiwe liko wapi, na akaliona.

Kitenge kilikuwa nyumbani, mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi. Ningekimbia. Muda ulikuwepo, basi lilikaa pale saa nzima zaidi. Nilisimama tu, mikono imelegea. Jina lake likaitwa. Alinikumbatia, suruali yake ikakwaruza miguu yangu, akaninong'oneza, "Uichunge ile kitenge, mwanangu. Nitaiitisha." Akapanda, akakaa dirishani. Alitazama mbele hadi basi lilipoondoka.

Baada ya wiki mbili alipiga. "Tulifika muzuri," akasema. "Mu ndege iko baridi mingi. Suruali ilinisaidia." Hilo ndilo neno pekee alilowahi kuniambia juu ya suruali, na nimelibeba tangu siku hiyo. Mengine niliyapata kwa Nsimire alipochukua simu na kwenda nayo chumba kingine. Walisimama mlangoni pa uwanja wa ndege, yeye na watoto watatu, wote na miavuli. Watu walitoka, wakapungua, wakaisha. Waliona mzee mmoja wa suruali amekaa kwenye kiti peke yake, wakampita mara mbili. Mama aliwaona tangu mwanzo, lakini alishindwa kusimama. Aliona aibu kuwaendea wajukuu wake vile. Nsimire alipomtambua na kuwaambia watoto huyu ndiye, yule mdogo alijificha nyuma yake akalia kwamba huyu si bibi wa miavuli. "Ilimuchukua siku mingi kumukaribia," Nsimire akasema. Akanyamaza, kama anayenipa nafasi. Nikasema, pole yaya. Nikasema mtandao unakatika.

Mwezi wa tisa faili langu liliitwa kwa mahojiano. Usiku huohuo nilikuwa nimeshaamua. Asubuhi nilitoa kitenge sandukuni, nikakitandika kwenye meza ya fundi niliyekuwa najifunza kwake, nikakikata gauni la mikono mipana, kama nilivyokipima kwa macho siku ile ya kwanza. Nilitaka wale maofisa wanione kama mtoto wa mtu. Mkasi ukaingia kwenye mwavuli wa kwanza, nikaendelea. Nilihojiwa nimelivaa, nikajibu vizuri, na baada ya miezi walinijibu hapana. Sijalivaa tena. Nikajifunza kushona sawasawa, nikahamia Mbarara, na hadi leo nguo zinazonilisha ni za safari: familia nzima huja na pisi ya kitenge wanataka sare ya kupandia ndege. Nimewashonea wengi. Mimi mwenyewe sijakanyaga ngazi yake. Kila Krismasi Mama alinipigia, akauliza hali, akauliza kanisa, na mwisho akauliza, "Kitenge iko?" Nami nikajibu, "Kiko, Mama." Alikuwa ananipa mlango kila mwaka, na kila mwaka niliufunga.

Sasa alikuwa amekiitisha. Jumatatu ile ile nilifunga duka mapema, nikaanza kufumua gauni. Kufumua mshono wako mwenyewe wa ujana ni kazi ya aibu, unaona ulivyokuwa mvivu, ulivyoruka mahali pa kukaza. Nilitoa mikono, nikatoa kifua, nikanyoosha vyote kwa pasi, nikaviunganisha tena kuwa kipande kimoja. Hakikufika yadi tatu. Miavuli mingine ilipata kofia ikakosa mpini, mingine imeelekea chini. Nilikishona kwa mkono ili mshono usiwe mgumu mwilini mwake, na Jumanne jioni nikampigia Nsimire. Nikasema, "Yaya, ndege haikukataza kitenge. Ni mimi. Na nimekikata." Nilimwambia yote, kuanzia masufuria hadi gauni. Hakunikatiza. Nilipomaliza kulikuwa na kimya kirefu, na safari hii haukuwa mtandao. "Mama alinikataza kukuuliza," akasema. "Miaka yote nilitaka, akanikataza. Kwa hiyo sikuulize. Tuma kitenge, tunamuzika Jumamosi ya juma lijalo." Akakata. Sikutegemea anisamehe, na hakunisamehe, na niliona ni haki.

Alhamisi kulikuwa na basi la wasafiri Nakivale, na humo alikuwamo Furaha, binti wa kanisa letu la zamani, anayekwenda mji ule ule wa Nsimire. Nilifika Base Camp asubuhi na mapema. Begi lake lilikuwa limeshapimwa na kufungwa, limejaa hadi kilo ya mwisho, halipokei hata leso. Nikamwambia basi itabidi akivae, akivue mbele ya Nsimire tu, na nikamweleza ni cha nani na kinakwenda kufanya nini. Alikishika kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwenye mshono wa katikati, lakini hakuuliza. Pembeni wanawake walikuwa wanajipanga mbele ya basi, wamependeza kama wale wa mwaka ule. Furaha akasita, akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo, maana alikuwa hajapanda ndege na alikuwa anaogopa kuaibika:

"Mama Noella, banakubali mutu kuvaa kitenge mu ndege?"

Nikakichukua mikononi mwake, nikamzungushia kiunoni, nikakikaza, nikatoa pini mbili kwenye kola yangu. Nilimchoma kidogo, akasema si kitu.

"Wanakubali," nikamwambia. "Walikubali siku zote. Ukifika kwenye mashine, toa pini, uziweke kwenye kisahani, upite, ufunge tena. Ni hilo tu."